Nilitoa sabufa nikachukua santuri, nikabaki na sahani moja ya rock ya Wazungu: tathmini ya upande A na upande B

Wakuu, heshima kwenu nyote, wa mjini na wa mashambani.

Naanza na ujinga wangu kabla hamjaugundua wenyewe: nimefua sahani za santuri kwa maji ya moto.

Ndiyo. Zile sahani nyeusi za muziki ambazo vijana wa siku hizi mnaziita vinyl. Niliziloweka kwenye beseni maji yakiwa bado yanatoa mvuke, nikatia sabuni ya unga, nikasugua kwa kitambaa, nikazipanga kwenye kichanja cha vyombo zikauke juani. Nikajiona mtu msafi sana.

Ninayowasimulia hapa hayana chumvi, na atakayebisha aje nyumbani aone ushahidi. Uko mezani, umejikunja kama bakuli, dada yangu anawekea karanga.

Kwa wasionijua: nakaa Mjimwema, hapa Songea. Ni nyumba ya marehemu wazazi wetu, tunakaa mimi, dada yangu, na binti yake. Elimu yangu ni kidato cha nne, na matokeo tusiyafukue. Mimi ni mtu wa ndani. Nikikuambia nimesafiri, ujue nimefika Majengo kununua vocha. Mtaa mzima wananiita Mjomba, hata watu walionizidi umri, kwa sababu mpwa wangu aliniita hivyo kwa kelele tangu anajifunza kuongea, jina likakaa.

Sasa mtu wa ndani ukimpa simu yenye bando, mwisho wake anakuwa mtaalamu wa jambo lisilomhusu. Wengine wanakuwa wataalamu wa vita vya nje. Mimi nikawa mtaalamu wa sahani za santuri.

Sikuwa na santuri, yaani mashine ya kuzipigia. Sikuwa na sahani hata moja. Lakini nilikuwa nashinda kwenye majukwaa ya mtandaoni ya Wazungu wanaozikusanya, watu wazima na mvi zao, wanagombana kuhusu sindano mpaka wanatoleana maneno ya mama.

Huko ndiko nilikokutana na kitu kinaitwa progressive rock.

Kama hujui, nikueleze kwa lugha ya kwetu. Ni rock ya watu waliosoma muziki na wanataka ujue kwamba wamesoma. Kuna kinanda, kuna filimbi, kuna ngoma zinazobadilisha mwendo kila unapokaribia kuzoea. Mashairi yanahusu wafalme na mawingu. Wimbo mmoja unaweza kula upande mzima wa sahani kubwa, ukiisha unahisi umetoka mkutano wa kijiji.

Wale jamaa wa jukwaani wanasema single zake, yaani zile sahani ndogo zenye wimbo mmoja kila upande, ni adimu kweli kweli, maana bendi hizo hazikupenda nyimbo fupi. Ukiipata moja, wanasema, umeokota almasi.

Nikameza bila kutafuna.

Ngoja nirudi nyuma kidogo, maana bila hili hamtaelewa kwa nini niliumia.

Mpwa wangu anaitwa Tere. Mara ya mwisho Baba Askofu alipokuja parokiani kwetu kutoa kipaimara, Tere alikuwa kitandani na malaria. Wenzake wote wakapata, yeye akabaki. Na askofu haji kila Jumapili wakuu, anazunguka jimbo zima. Ikabidi mtoto asubiri, arudie mafundisho na watoto aliowazidi umri.

Tatizo Tere ni mrefu. Urefu kautoa kwa baba yake, kitu pekee alichomwachia. Kwenye mstari wa mafundisho alikuwa anaonekana kama katekista. Na watoto wa siku hizi hawana huruma. Wakampa jina: Bibi Kipaimara.

Mtoto akaanza kupita nyuma ya nyumba za watu ili asikutane nao. Akamwambia mama yake hataki sherehe. "Mama, tupike tule wenyewe. Nisikalishwe mbele za watu."

Mnajua sherehe zetu. Mtoto anakalishwa mbele, kiti kina shela, taji la maua kichwani, halafu wageni wanakuja kumtunza wakicheza, foleni nzima, zawadi kichwani, muziki umefunguliwa. Hakuna pa kujificha.

Mimi nikajitosa. Nikamwambia, "Tere, muziki niachie mimi. Sherehe yako itakuwa na kitu ambacho mtaa huu haujawahi kukisikia."

Akaniangalia. "Mjomba, watu hawatanicheka?"

"Hawatakucheka."

Hiyo ndiyo ahadi niliyokwenda nayo Majengo.

Pale Majengo kuna fundi redio mmoja, jina namhifadhia. Alikuwa na santuri ya zamani, ile ya sanduku, ukifunika unabeba kama bwana mkubwa anayehamishwa kikazi. Spika yake iko humo humo kwenye kifuniko. Sisi nyumbani tulikuwa na sabufa. Nzima. Unachomeka flash, inalia mpaka vyombo vinatikisika kabatini.

Fundi akasema, "Mjomba, sabufa kila nyumba ipo. Hii nani anayo?"

Swali zuri. Jibu lilikuwa hakuna, na sikujiuliza kwa nini hakuna.

Akaniwekea na katoni la sahani: dansi za zamani, kwaya, chacha, za harusi. Akapiga moja pale pale. Rumba tamu, magitaa yanabembelezana. Wateja waliokuja kutengeneza pasi wakaanza kutikisa vichwa. Basi nikampa sabufa, nikachukua sanduku na katoni, nikarudi kwa bodaboda nimekumbatia mali.

Dada yangu akalitazama. "Umetoa sabufa inayolia, umeleta sanduku."

Nikamwambia asubiri.

Sasa zile sahani zilikuwa zinanuka panya. Panya walilala mle, wakazaa, wakalea. Nikasema siwezi kupeleka harufu hii kwenye sherehe ya sakramenti. Na mimi najua vyombo vyenye mafuta na harufu vinaoshwaje. Mama yetu alitufundisha: maji ya moto, sabuni, kichanja, jua.

Hakuna hata Mzungu mmoja kule jukwaani aliyewahi kuandika "usizifue kwa maji ya moto." Nafikiri hawakuwahi kuwaza kwamba kuna mtu atafanya.

Nilipotoka kuziangalia, zilikuwa zimejikunja. Moja imekaa kama chapati iliyoachwa kwenye kikaango. Nyingine kama kofia. Nilijaribu kuinyoosha moja kwa kuikalia.

Msiniulize.

Ikapona sahani moja tu. Ndogo, kwa sababu ilikuwa imesahaulika ndani ya santuri, chini ya kifuniko, na mimi sikuwa nimeiona. Nikaitoa, nikasoma maandishi. Wakuu, nilipiga kelele peke yangu. Ilikuwa single ya progressive rock.

Almasi yangu hiyo.

Sasa tathmini, kama wanavyofanya wataalamu.

Hali ya nje: ganda lake la karatasi halipo. Jina la bendi lilikuwa refu, nusu limeliwa na panya, na nusu iliyobaki haiwasaidii. Mikwaruzo ya kutosha. Wazungu wana madaraja yao ya ubora, na daraja moja wanaliita Very Good. Nimekuja kugundua kwamba kwao Very Good maana yake mbovu, ila hawataki kukuumiza. Yangu ilikuwa Very Good.

Pembeni ya jina la wimbo wa upande A pameandikwa "Part One." Nikasema safi, kwa hiyo upande B ni sehemu ya pili. Wimbo mmoja mrefu umekatwa katikati.

Kwa peni ya bluu, mwenyewe wa zamani alikuwa ameandika neno moja kwa herufi kubwa: HAPANA.

Sahani nyingine za lile katoni nazo alikuwa ameziandikia, "nzuri," "ya harusi," "Krismasi." Hii hapa HAPANA. Mimi nikasema huyo hakuwa na elimu ya muziki.

Tundu la katikati lilikuwa kubwa kuliko msumari wa santuri, sahani ikawa inacheza cheza. Kuna kiplastiki chake maalumu cha kuziba hapo. Sina. Nikakata soli ya kandambili ya dada, nikatoboa tundu, nikaipachika. Haikukaa katikati sawasawa. Matokeo yake mwimbaji anapanda na kushuka sauti kama mtu anaimba amepakiwa nyuma ya pikipiki kwenye matuta.

Tena mwanzo niliipiga kwa spidi ya sahani kubwa. Mwimbaji akatoka na sauti ya babu aliyeamshwa usingizini. Nikasikiliza mpaka mwisho nimefumba macho, nikasema huu muziki una uzito. Tere ndiye aliyeona kile kiswichi cha spidi. Akakisogeza, babu akawa kijana.

Nikajua kwamba muziki huu hautafaa. Nilikuwa mjinga, lakini masikio yapo.

Nikatafuta sabufa ya kukodi. Hapo ndipo nilipokumbuka: askofu akija, watoto wote wanapata kipaimara siku moja. Yaani mji mzima una sherehe Jumapili ile ile. Maspika yote, masabufa yote, ma-DJ wote, hadi wale wanaotangaza mnada wa mitumba, wameshachukuliwa. Jirani mwenye sabufa naye ana mtoto wake.

Nikarudi kwa fundi. Nikamwomba aniazime sabufa yangu mwenyewe kwa siku moja.

"Nimeshaikodisha, Mjomba. Kuna kipaimara mtaa wa pili kwenu."

Jumapili mchana nikaisikia. Naijua sauti yake, ina mkwaruzo fulani kwenye besi. Ilikuwa inalia vizuri kwenye sherehe ya watu wengine, na mimi nimesimama chini ya turubai na sanduku.

Watu wakajaa. Pilau limeiva, togwa ipo kwenye ndoo. Wakaja ndugu kutoka Maposeni na gunia la mahindi na kuku. Wakaja akina mama wa jumuiya, wakiongozwa na mwenyekiti wao, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, Mama Festo. Huyu mama ni Mmatengo wa Mbinga, anasema kitu jinsi kilivyo, halafu anaendelea na kazi zake. Ujanani alikuwa anacheza kioda, ile ngoma ya akina mama wanaojipanga mstari wamevaa nguo nyeupe, hatua zao zinaanguka pamoja kama mguu mmoja. Kwa hiyo mbele ya foleni ya kutunza lazima awe yeye.

Tere amekaa kwenye kiti chake cha shela, taji kichwani, mikono magotini. Nje ya uzio wamejazana watoto wa mafundisho ambao zamu yao ya kipaimara bado. Namuona anawaona.

Dada akanipa ishara. Nikashusha sindano.

Upande A sasa. Unaanza na kinanda. Kinanda peke yake, cha kanisani kabisa, na watu wakatulia kwa heshima wakidhani ni utangulizi wa sala. Halafu ghafla mpiga kinanda akaanza kukimbia kama kaingiliwa na nyuki. Ngoma zikaingia. Gitaa likaingia. Kila mtu kwenye ile bendi alikuwa na shughuli yake binafsi, na hakuna aliyemwambia mwenzake anakwenda wapi.

Mama Festo akaondoka na foleni. Beseni jipya kichwani, ndani limejaa vikombe. Nyuma yake shangazi na blanketi, nyuma yake mama mwingine na kuku hai, nyuma yake wengine na vitenge.

Hatua ya kwanza sawa. Ya pili sawa. Ya tatu sawa.

Halafu ngoma ikarudi mwanzo kabla mguu haujafika chini.

Wakuu, yule mpiga ngoma alikuwa anahesabu hadi saba. Nyimbo zote za binadamu zinahesabika nne nne, mguu kulia mguu kushoto, mnafika mnakokwenda. Huyu anakwenda saba. Ukifika wa saba una mguu mmoja hewani na yeye keshaanza upya. Wazungu wa jukwaani wanauita huo ubunifu. Waje wabebe beseni la vikombe tuone.

Mama Festo akasimama apate mwendo. Shangazi akamgonga mgongoni. Kuku akapiga kelele. Blanketi likashuka likamfunika shangazi uso, akawa anapapasa. Foleni ikajikunja kama treni lililoacha reli, na vikombe ndani ya beseni vinagongana, na hicho ndicho kilikuwa kitu pekee chenye mdundo pale uwanjani.

Kule kwenye uzio nikasikia kicheko. Halafu nikasikia mtoto mmoja, "Bibi Kipaimara!"

Tere akanitazama. Hakulia. Alinitazama tu, macho ya mtu anayekumbuka alichoahidiwa.

Mtu mwenye akili hapo angezima. Mimi nikakimbilia mbele.

Nikasema wakifundishwa watu wangu wataweza. Nikasimama mbele ya foleni, nikainua vidole saba juu, nikaanza kucheza. Mimi, ambaye kwenye harusi hukaa karibu na masufuria. "Hesabuni saba! Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba, ruka! Moja, mbili..." Nikawa naruka kila ikifika saba. Nikaruka peke yangu. Suruali ya kuazima, imenizidi kiuno, mkono mmoja umeshika mkanda na mwingine unahesabu, ikabidi nihesabu saba kwa vidole vitano.

Uzio mzima ukalipuka. Hata mpishi aliacha mwiko.

Na mwimbaji akachagua wakati huo kuingia. Wimbo wote ulikuwa umekwenda kwa vyombo, ndiyo kwanza anafungua mdomo. Akaimba nusu ya sentensi, sauti inapanda na kushuka kwa ajili ya ile kandambili, na muziki ukaanza kufifia. Ukafifia. Ukaisha. Mtu anakatishwa neno mdomoni!

Part One imeisha wakuu.

Foleni imesimama na zawadi. Mimi nimebaki na mguu mmoja mbele. Nikasema, "Jamani subirini, kuna sehemu ya pili," nikakimbilia santuri, nikageuza sahani.

Hakuna sehemu ya pili.

Upande B ni wimbo mwingine kabisa! Part Two sijui iko wapi mpaka leo, labda wameiweka kwenye sahani kubwa ili ukainunue na hiyo. Matapeli hawakuanza na simu.

Upande B unaanza na upepo. Upepo wakuu. Mtu alikwenda studio kurekodi upepo. Kisha filimbi, taratibu, ya huzuni. Kisha mtu ananong'ona Kiingereza cha kaburini kuhusu mfalme fulani aliyepotelea mawinguni.

Wageni wakadhani tumeingia kwenye kumbukumbu ya marehemu. Baba mmoja akavua kofia. Akina mama wawili wakafanya ishara ya msalaba. Yule wa kuku akamshika kuku mdomo. Watu wote wakainamisha vichwa pale uwanjani, upepo unavuma ndani ya sanduku, filimbi inalia.

Mama Festo akageuza shingo pole pole, beseni halijatikisika. "Mjomba. Nani amekufa?"

Na aliyecheka wa kwanza alikuwa Tere.

Alicheka mpaka taji likaangukia puani. Alicheka akanionyesha kidole, akajaribu kusema "saba" ikashindikana, akainua vidole, akakosea hesabu, akacheka tena. Mama yake akaanza. Shangazi ndani ya blanketi akaanza. Wale watoto wa uzioni walikuwa wameshalala chini.

Hakuna aliyekuwa anamwangalia yeye. Wote walikuwa wananiangalia mimi.

Mama Festo hakupoteza muda. Aliweka vikombe chini, akageuza beseni, akalipiga mara mbili kwa kiganja, akaanzisha wimbo kwa mdomo. Akina mama wa jumuiya wakaitikia. Nne nne, mguu kulia mguu kushoto. Foleni ikanyooka yenyewe. Vigelegele vikapanda mpaka nadhani mtaa wa pili walipunguza sabufa yangu wasikilize.

Wakamtunza Tere wakamzungusha, wakamsimamisha, na alivyosimama alikuwa mrefu kuliko wote pale mbele, akacheza. Watoto wa uzioni wakaingia ndani kula pilau. Yule aliyempa jina la Bibi Kipaimara nilimuona anamwomba amfundishe ule mruko wangu.

Mimi nilikuwa pembeni nimekaa kwenye kiti cha plastiki, nazima santuri iliyokuwa imeshazimika.

Sasa nimalizie tathmini kwa haki, maana baadaye nimezisikiliza pande zote mbili kwa utulivu, sina kazi nyingine.

Upande A: ni watu wenye vipaji wanaogombania mlango mmoja. Mpiga kinanda anajua. Mpiga ngoma anajua. Lakini sioni walipoulizana kama kuna mtu atasikiliza. Wimbo unaosubiri mpaka mwisho ndipo mwimbaji aingie, halafu unamfukuza, ni kama kumwita mgeni kutoka Tunduru, afike mlangoni, umwambie chakula kimeisha. Nusu ya sahani mnaniuzia na nusu mnabaki nayo. Hapana. Yule mwenye peni ya bluu alikuwa na elimu kuliko jukwaa zima.

Upande B: upepo siusamehe. Mnong'ono siusamehe. Hakuna mfalme anayepotelea mawinguni, wafalme wanapotelea kwenye mambo yanayoeleweka. Lakini katikati, upepo ukishakata na kabla mnong'ono haujarudi, kuna gitaa kavu, lisilo la umeme, linapigwa peke yake. Halina haraka. Halihesabu saba. Ni kipande kifupi, nadhani hata wenyewe walikiweka kujaza nafasi, na ndicho pekee ambacho hawakujitahidi kunionyesha kwamba wamesoma.

Nimempigia dada kile kipande. Nikamwambia, kubali, upande wa pili una uzuri wake.

"Uzuri wake," akasema huku anamenya karanga, "ukiwa unalia huu, ule wa kwanza haulii."

Mtaani sasa jina langu limebadilika. Si Mjomba tena, ni Mjomba Saba. Watoto wakipita wanahesabu kwa sauti mpaka saba, halafu wanaruka. Nimefanya uchunguzi nani aliwafundisha. Ni mpwa wangu mwenyewe, ambaye siku hizi anapita barabara kubwa, katikati yao, anaongoza hesabu.

Nilichojifunza wakuu: sahani za santuri zinafutwa kwa kitambaa na maji baridi. Sabufa ni chombo cha heshima. Mtu akikuandikia HAPANA kwa herufi kubwa, alikuwa na sababu. Na muziki wa kutunzia uwe unahesabika kwa miguu miwili uliyopewa.

Mwenye ile Part Two tafadhali ajitokeze, nataka tu kujua yule jamaa alikuwa anataka kusema nini. Mwenye njia ya kunyoosha sahani iliyojikunja naye aseme, ila ya kuikalia nimeshajaribu. Wajuaji wa rock njooni mnitukane, nipo nyumbani, nitakuwa wapi tena.

Hapa ninapowaandikia, upande B unalia kwa mara sijui ya ngapi, nimefika pale kwenye gitaa. Mama Festo amenyanyua kichwa juu ya ukuta na beseni la nguo mkononi. Nikadhani naye limemgusa, nikamuuliza analionaje. Namnukuu neno kwa neno:

"Mjomba, mtoto amepumzika, maana watu wamepata mwingine wa kumcheka. Sasa zima hicho kidude."